Wimbo wa Nne, Upande wa Kwanza

Jumamosi, 2 Machi

Dada yangu mpendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila Kifuniko, mpiga ngoma wetu, ana mafua na anapiga chafya katikati ya kila wimbo. Chiriku, mwimbaji wetu, anasema tumwache, huenda ndio mtindo mpya.

Ndani ya bahasha hii kuna kaseti. Ndiyo albamu yetu, hatimaye: bendi ni Waya Wazi, albamu ni *Sebuleni Kwetu*, nyimbo nne upande huu na nne upande ule. Wengine wanaisikiliza kwenye simu zao. Wewe nimekutengenezea kaseti kwa sababu redio ya Mama haijui kitu kingine, na wewe na simu mmegombana. Sikulaumu. Ulisema tangu mazishi ya Mama ukishika simu sauti inakukwama kooni, nikasema basi tuandikiane. Angalau sasa nimejifunza herufi kubwa zinakaa wapi.

Jalada amelichora Mzito, mpiga besi. Lile zulia ni letu, na lile doa ni doa lako la chai. Usikatae.

Unakumbuka mwaka jana tulivyohamia sebuleni na vyombo vyetu vyote? Wewe ulikuwa kazini, Mama yuko chumba cha nyuma na cherehani yake na lundo la sare za shule. Tulisimamisha magodoro madirishani. Chiriku aliimba amesimama karibu na kabati la vyombo, na kila akipandisha sauti vikombe vinamwitikia. Ukitega sikio kwenye wimbo wa pili utavisikia. Tulitaka albamu yenye nyumba ndani yake. Siku hizi muziki wa magitaa umesafishwa mpaka hujui kama watu waliopiga walikuwa na miguu.

Sasa jambo lenyewe. Wimbo wa nne, upande wa kwanza. Mama yumo. Haikupangwa. Tulikuwa tunarekodi, sauti yake ikaingia, na tuliposikiliza tena hakuna aliyekuwa na moyo wa kuifuta. Halafu Mama akaondoka, na albamu ikatoka, na mimi sikukuuliza. Niliogopa utasema hapana.

Sikuambii anasema nini. Keti na redio hiyo usikie mwenyewe, kisha uniandikie. Ikiwa mbaya sema mbaya. Wewe ukisema nzuri ndiyo nitaamini ni nzuri, hawa wengine wananipigia makofi tu.

Mdogo wako,
Kitinda

*

Jumatatu, 11 Machi

Mdogo wangu,

Kaseti imefika. Bahasha ilipasuka pembeni lakini yenyewe nzima.

Huku hakuna jipya. Naamka, naenda kazini, nachemsha vifaa, namshikia daktari wa meno taa, nawaambia watu wapanue mdomo. Wanapanua. Kisha narudi nyumbani. Juzi nilichemsha vifaa vilevile mara mbili na daktari akaniuliza kama nina usingizi. Nikamwambia sina. Sina usingizi, sina njaa, sina hasira.

Jirani anasema nimejaliwa subira, kwa vile sikulia hata siku ile. Kila akija anaisifu, nami namshukuru. Subira gani? Subira ni ya mtu aliyebeba kitu. Mimi niko kama hawa wagonjwa wetu wakishachomwa sindano ya ganzi. Mtu anajigusa shavu, na anajua ni lake kwa sababu liko usoni kwake.

Cherehani ya Mama nimeifunika. Sare alizokuwa hajamaliza niliwarudishia wenyewe, nyingine zina mkono mmoja.

Albamu nimeisikiliza. Ni nzuri, hongera. Magitaa mmeyapiga vizuri. Wimbo wa nne ni mpole, unatuliza, na Mama anasikika vizuri akiimba. Sauti yake ilikuwa nzuri siku zote.

Hongera pia kwa jalada. Doa si langu.

Kula vizuri huko mliko.

Wako,
Dada

*

Jumapili, 17 Machi

Dada,

Nimeisoma barua yako, nikairudia, kisha nikampa Chiriku naye asome, nikidhani labda macho yangu ndiyo mabovu.

Mpole? Unatuliza? Dada, wimbo wa nne ndio tunaoumalizia onyesho, kwa sababu baada yake Kifuniko hana mikono na mimi sina kucha. Magitaa yanaanza yakikwaruzana kama majirani wenye kesi, yanapanda, yanapanda, halafu kila kitu kinanyamaza ghafla. Kimya kabisa. Katika kimya hicho ndimo anamoingia Mama, na akishasema tu tunaangukia hapo wote kwa pamoja. Na Mama haimbi. Mama aliimba lini?

Mwanzoni nilijua hujasikiliza. Lakini Chiriku akasema, “Acha utoto. Dada yako amesikia, amekasirika, anakukejeli. Hataki tu kukutukana kwa maandishi.” Nikafikiri, nikaona kweli. Ndiyo namna yako hiyo, ukikasirika unasifu. Nilipovunja birika la Mama uliniambia hongera.

Basi naomba radhi, Dada. Ningekuuliza kwanza.

Ila kuna jambo limezuka na siwezi kulingoja. Kampuni moja kubwa inataka kuitoa albamu yetu upya, ifike mbali. Wanaipenda. Sharti lao ni kwamba isafishwe. Wamempa kazi fundi mitambo mmoja anayesifika kwa kuchukia kelele ndogondogo, wanasema akisikia saa ya ukutani anaitoa betri. Anataka kuondoa vikombe. Anataka kuondoa kiti kinacholia. Anataka kumwondoa Mama. Alimwita “kelele ya nyuma”. Sikumpiga kwa sababu Mzito alinishika, na Mzito akikushika umeshikwa.

Kuna lingine sikukuambia. Kwenye maonyesho watu wanamwitikia Mama. Tukifika pale penye kimya, ukumbi mzima unayasema maneno yake kwa sauti moja, watu wasiomjua, wasiojua hata kama alikuwa hai. Mara ya kwanza gitaa lilinitoka mikononi. Mpaka leo sijui kama ni heshima au ni kumtembeza Mama barabarani.

Wewe ndiye mkubwa. Safari hii siamui peke yangu. Niambie tu, abaki au aondolewe?

Mdogo wako,
Kitinda

*

Jumatano, 27 Machi

Kitinda,

Barua nimepata. Sikukasirika.

Tuna kazi nyingi. Jana alirudi kijana tuliyemng'oa gego asubuhi, shati lote damu. Alikula mkate njiani kabla ganzi haijaisha, akajing'ata ulimi, na hana habari. Yeye alirudi kuuliza kama anaruhusiwa kunywa soda. Tunawaambia kila siku wasile mpaka ganzi iishe. Hawasikii.

Kuhusu Mama, fanya unavyoona. Mimi sina neno.

Dada

*

Jumatano, 3 Aprili

Dada,

Jibu nimelipata. Huna neno.

Nilitarajia neno, hata la kunichamba. Lakini mtu akisema hana neno amekubali, ndivyo tulivyolelewa. Na kama ungetaka Mama abaki ungesema abaki, si mtu wa kuzungukazunguka wewe. Nimewaambia kampuni waendelee.

Fundi ataanza na wimbo wa nne Jumatatu ya tarehe kumi na tano. Akimaliza, toleo jipya litachukua nafasi ya la zamani kila mahali. Kitakachobaki na Mama ndani yake ni kaseti yako tu. Itunze, au usiitunze.

Chiriku amelia. Kifuniko hasemi na mimi, na mafua yamemwisha, kwa hiyo basi letu la safari lina kimya ambacho sikijui. Tunaanza safari ya miji ya mbali, huko mtandao ni wa kubahatisha. Namba ya studio ya yule fundi nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, endapo utapata neno. Najua hutapiga.

Jana nilijaribu kuupiga ule wimbo mwenyewe bila kusimama pale penye nafasi ya Mama. Vidole vilikataa. Vilisimama vyenyewe, vikangoja.

Kitinda

*

Jumamosi, 13 Aprili

Kitinda,

Soma mpaka mwisho, usikimbilie chini kama kawaida yako.

Barua yako niliipata jana asubuhi, nikaingia nayo kazini mfukoni. Alikuja mwalimu mmoja wa hesabu, mama wa makamo, suti imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa. Gego la chini. Daktari akamchoma sindano, akatoka kidogo ili ganzi ishike, nami nikabaki napanga vifaa. Mwalimu akatoa simu, akachomeka spika masikioni, akafumba macho. Nikajua anasikiliza nyimbo za dini, maana ndivyo wengi wanavyofanya wakiona koleo.

Ghafla, kwa sauti ya kunyamazisha darasa zima, na nusu ya mdomo imekufa ganzi, akasema:

“Nlango huo!”

Mdogo wangu, niligeuka nikaenda nikaufunga. Sikufikiri. Wala sikuwa nimetazama kama uko wazi, lakini ulikuwa wazi. Kwa maneno hayo mkono wangu hauombi ruhusa. Nimeyasikia tangu ulipojifunza kutembea, na siku zote yalikuwa yakisemwa kwako na mlango nikiufunga mimi.

Mwalimu akafumbua macho, akaniona nimeshika kitasa, akacheka upande mmoja.

“Sanahani, dada. Si wewe. Ni wino.”

“Ni nini?”

“Wi-nbo.” Akaushika mdomo wake kwa vidole ili umtii. “Wimbo. Binti yangu ndiye aliyeniambukiza. Kuna mama mmoja humu anawafokea hawa vijana, basi akifika pale mimi siwezi kunyamaza. Hata darasani imenitoka. Njoo usikie.”

Akanichomekea spika moja sikioni, akaurudisha wimbo nyuma. Chiriku anaimba kwamba anatoka, nusu saa tu, nusu saa tu, anarudi. Magitaa yanakwaruzana kama ulivyosema. Kisha kimya. Kisha Mama.

“Mlango huo!”

Nikamrudishia mwalimu spika yake. Nikamwambia apanue mdomo.

Sasa ukweli ni huu. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuusikia. Kaseti yako nilikuwa sijaigusa. Ile barua ya “mpole, unatuliza” niliitunga nimesimama jikoni huku maji yanachemka. Wewe ulijua, na ungejiamini badala ya kumsikiliza Chiriku.

Watu wakisikia hivyo watasema niliogopa kulia. Hapana. Niliogopa kumsikia Mama nisisikie kitu. Sikulia siku ya mazishi, sikulia nilipoifunika cherehani, sikulia nilipokunja kanga zake. Nikajisemea, bado kuna kaseti. Maadamu sijaiweka kwenye redio naweza kusema machozi yamo humo yananisubiri. Je, nikiiweka na yasije? Nitakuwa mtu gani tena? Kwa hiyo nikaiweka juu ya kabati, nikawa naipangusa vumbi.

Na nilipokuandikia kwamba sina neno, sikuwa nimekubali chochote. Nilikuwa nakuambia sina. Humu ndani hamna neno, hamna kitu. Nilidhani utaelewa, nikasahau kwamba neno hilohilo ndilo watu hulitumia kuruhusu.

Jana niliporudi niliishusha kaseti. Nilikaa kwenye zulia, kwenye doa ambalo si langu. Wimbo wa kwanza gitaa lako linaingia limechelewa kidogo, vilevile unavyoingia wewe mahali popote, na likishaingia hakuna anayekumbuka kuwa lilichelewa. Sikuwahi kukuambia kwamba unaijua kazi yako. Unaijua. Wimbo wa pili nilivisikia vikombe, nikainuka nikaenda kuvigusa kabatini. Wa tatu Mzito anabaki peke yake na besi kwa muda mrefu, taratibu, kama mtu anayetafuta funguo kwenye giza la nyumba anayoijua. Huo niliupenda, kama kupenda ndiko huku. Nilijua ni mzuri namna unavyojua chai ni ya moto kwa kuona mvuke.

Kisha wa nne. Nikaurudisha nyuma nikausikiliza tena. Na tena. Anavyolisema, Kitinda! Hana hasira. Ana pini mdomoni, unasikia kabisa kwamba ana pini mdomoni, upepo unampeperushia vitambaa na hana hata nia ya kuinuka. Na mnavyomwangukia pale, magitaa yote na ngoma, utadhani mlikuwa mmesimama nje mkingoja awaruhusu.

Sikulia. Ila midomo iliniwasha. Wagonjwa hutuambia hivyo ganzi ikianza kuachia, panawasha kama sisimizi wanapita. Labda ilikuwa baridi ya sakafu tu.

Usimwondoe Mama. Hilo ndilo neno langu, limechelewa.

Najua barua hii haitakufikia kabla ya Jumatatu. Nimejaribu kukupigia simu, hupatikani, na nilivyofurahi kusikia hupatikani ni aibu. Sasa imebaki namba ya yule fundi. Nitampigia Jumatatu nikitoka kazini mchana. Maneno nimeshayapanga: “Mimi ni dada wa mpiga gitaa wa Waya Wazi. Tafadhali usiiondoe sauti ya mama yetu.” Nimejaribu mbele ya kioo. Mpaka “mimi ni dada” natoka vizuri.

Wako,
Dada

*

Jumanne, 16 Aprili

Ndugu Mpiga Gitaa,

Salamu. Mimi si mtu wa barua, kazi yangu ni kusikiliza. Lakini jambo hili siwezi kulieleza kwa simu, na simu ndiyo iliyolileta.

Jana nilianza na wimbo wa nne kama mlivyoagiza. Nilikiondoa kiti kinacholia. Nikamwondoa na yule mama. Alitoka vizuri, hata kovu halikubaki, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Kisha nikausikiliza wimbo mzima. Kila kitu kilikuwa mahali pake na wimbo umekufa. Kuna kimya, halafu magitaa yanaingia. Yanaingia kwa sababu gani? Nani ameyaita? Nilidhani ni masikio yangu yamechoka, nikaenda kuchukua chai.

Niliporudi nikakuta simu inalia. Nikapokea, nikasema halo. Nikasema halo tena. Nikasikia mtu anavuta pumzi. Kisha:

“Mlango huo!”

Ndugu, nimefanya kazi hii tangu ujana na sijawahi kuiogopa sauti. Ilikuwa ileile. Niliisikiliza wiki nzima kabla ya kuanza kazi, najua inapopanda na inapokatikia. Nilikuwa nimetoka kuifuta kwa mikono yangu mwenyewe. Nikasimama, nikaenda nikaufunga mlango wa studio, ambao kwa kweli nilikuwa nimeuacha wazi nilipoingia na chai. Niliporudi mezani simu imekatika.

Sijui alikuwa nani na sina haraka ya kujua. Kama ni marehemu, nimwombe radhi. Kama ni mtu wa nyumbani kwenu, nimwombe radhi pia. Sauti nimeirudisha palepale ilipokuwa. Kampuni nimewaambia ile si kelele, ni ala ya tano ya bendi, na asiyeitaka atafute fundi mwingine. Wamenuna, wamekubali.

Kiti nacho nimekirudisha. Kilie tu.

Wenu katika kazi,
Fundi Mitambo

*

Jumatatu, 29 Aprili

Kitinda,

Barua ya fundi uliyonitumia nimeipata pamoja na ile yako ya kurasa tatu ambazo mbili ni alama za mshangao. Mwambie si marehemu. Mwambie ni mimi, na ninamshukuru kwa kiti.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa jikoni, maneno yangu nimeyashika kichwani. Aliposema halo koo likafunga, kama siku zote. Aliposema halo ya pili nikavuta pumzi niseme “mimi ni dada”, na kilichotoka si hicho. Sikukipanga. Na haikuwa sauti yangu, mdogo wangu. Nilimsikia Mama kwa masikio yangu, yuko nyuma yangu, ana pini mdomoni. Nikageuka kumtazama. Hakukuwa na mtu. Aliyesema ni mimi.

Ndipo nilipokata simu. Na ndipo nilipolia.

Nililia mpaka jirani akaja mbio bila viatu. Akaniuliza, “Kuna nini? Nani amekufa?” Nikamwambia Mama amekufa. Akanitazama. “Mama yako si alikufa mwaka jana?” Nikamwambia ndiyo, lakini mimi nimepata habari leo.

Hakunisifu subira tena. Alikaa chini akalia na mimi.

Daktari amenipa mapumziko. Ganzi imeisha, Kitinda, na inauma. Inauma kuamka, inauma kuona kanga, inauma kuona pini moja iliyobaki kwenye zulia, ambayo niliikanyaga. Kila siku mimi ndiye ninayewaambia watu kwamba ikiisha itauma kidogo. Nikirudi kazini hilo “kidogo” nitaliacha. Lakini nina njaa. Jana nimekula mkate mzima, peke yangu, kwa siagi, nikilia.

Albamu naiweka kila jioni, na jirani sasa naye anasema pale pa Mama, ingawa anachelewa na kuharibu. Nimeufikia upande wa pili. Kuna gitaa kwenye wimbo wa saba nina maneno nalo, tena mengi, ila hayo sitaki kuyaandika.

Njoo nyumbani. Safari yenu ikiisha usipitie kokote, njoo. Na Kifuniko na Chiriku na Mzito, kama watalala sebuleni.

Cherehani nimeifunua. Mlango wa mbele nimeuacha wazi, na upepo unaingia, na vitambaa vyote viko chini. Utaingia bila kuufunga, nakujua. Uache hivyohivyo. Nataka nikufokee.

Wako,
Dada